Aliyechimba Mpaka Mwambani
Tafakari ya juma: Luka 6:46–49



Usiku wa kuamkia tarehe 4 Machi 2015, mvua ya mawe yenye upepo mkali iliishukia Mwakata, wilayani Kahama, mkoani Shinyanga. Watu walikuwa wamelala. Kuta za matofali mabichi zililowa zikawaangukia waliokuwa ndani, na zaidi ya watu 40 wakapoteza maisha, wakiwemo waliotoka nyumba moja. Rais Jakaya Kikwete alifika kuwapa pole waliobaki.

Tangu wakati huo nimeusikia mara nyingi mfano wa wajenzi wawili, mmoja aliyejenga juu ya mwamba na mwingine pasipo msingi, ukihubiriwa kana kwamba watu wa Mwakata ndio yule mjenzi asiye na akili. Nausikia kwa uchungu, na usomaji huo siukubali.

Anayeifahamu Shinyanga anajua kwamba hapa watu huogopa ukame kabla ya kuogopa maji. Mvua yetu ni kama milimita 600 hadi 900 kwa mwaka, nayo hunyesha kati ya Novemba na mwanzo wa Mei. Tunaiombea ibada nzima, na watoto wanaozaliwa majira yake tunawaita Mabula. Lakini kule mbugani udongo ni mweusi, wa mfinyanzi. Kiangazi hupasuka nyufa za kuingia mguu. Ukishashiba maji haupokei tena, na yote yanayoshuka kutoka mwinukoni husimama juu yake. Ndiyo maana majaruba ya mpunga yako huko. Mto Manonga, ambao miezi mingi ni mchanga mtupu, hujaa kwa siku moja na kukimbilia bonde la Wembere. Tambarare inayotulisha wali ndiyo inayozama. Mkulima hakai pale kwa ukaidi. Anakaa penye riziki yake, na anajenga kwa tope kwa sababu saruji ni ghali na tofali la kuchoma linataka kuni.

Sasa turudi kwa Luka. Yeye anataja jambo ambalo Mathayo hakulitaja: mjenzi wa kwanza alichimba, akaenda chini, mpaka akaukuta mwamba. Wachimbaji wetu wa dhahabu wa Nyarugusu na Mgusu wanaelewa neno hilo kuliko wasomi wengi. Duara, yaani shimo la mgodi, haliendi chini kwa nia njema peke yake. Linataka fedha, chakula cha vijana wanaochimba, kamba, magogo ya matimba, na miezi ya kungoja. Kuufikia mwamba ni gharama, na mbugani unaweza kuchimba msingi siku nzima usikutane na jiwe lolote.

Je, Bwana alikuwa anawasifu wenye fedha za msingi? Hasha. Mwamba wake ni kulisikia neno na kulitenda, na neno lenyewe, kwa mujibu wa sura hiyohiyo ya sita, linahusu kupenda, kutoa, kukopesha bila kutazamia kurudishiwa. Kwa hiyo swali la mfano huu haliishii kwa aliyeangukiwa na ukuta. Linamfuata jirani yake mwenye nyumba ya bati na zege. Linalifuata kanisa lenyewe, ambalo mara nyingi ndilo jengo imara kuliko yote kijijini.

Linawafuata pia wanaokata miti. Miti ya miombo ya ukanda huu imeingia ardhini kama matimba ya maduara, imeteketea kukausha tumbaku ya Ushetu, imekwenda mjini kama mkaa. Mlima ukibaki uchi, maji hayana cha kuyachelewesha. Wanaofikiwa kwanza ni watu wa chini, ambao hawakukata hata mti mmoja, na vijana walio ndani ya shimo. Januari 2024, katika machimbo ya Ng'alita, Bariadi, ambako hadi 2012 palikuwa ndani ya mkoa wetu, ardhi iliyolowa mvua iliporomoka na kuwaua wachimbaji 22.

Wazee wetu walijua namna nyingine ya kutenda. Ngitili, yaani kuacha sehemu ya malisho ipumzike hadi kiangazi, ni mila ya Wasukuma. Kuanzia 1986 mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) uliifufua, na kufikia miaka ya 2000 hekta zaidi ya 300,000 katika vijiji zaidi ya 800 zilikuwa zimerudi kuwa na miti na majani. Nchi iliyokuwa ikiitwa jangwa iliota tena. Mimi naiona kazi ile kuwa utii, hata pale ambapo aliyeifanya hakuwahi kuingia kanisani.

Basi, kabla mvua za Machi hazijaja, naomba kila jumuiya ndogo ipite nyumba kwa nyumba, itazame kuta, hasa za wajane na wazee wanaoishi peke yao. Penye ufa, vijana wapeleke nguzo na udongo bila kungoja mchango wa Jumapili. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari, isomwe kwa Kiswahili na Kisukuma, na apelekewe yule asiye na redio. Na funguo za kanisa zikae kwa mzee anayeishi jirani nalo, si kwa katekista au mwinjilisti aliye mbali, ili usiku wa upepo mlango ufunguliwe kwa yeyote atakayekuja na watoto wake, awe Mkristo, Mwislamu au mtu wa mila.