Kujitwalia cha Mwenzako

Amri ya Saba tumeikariri tangu darasa la kipaimara, na wengi wetu tunaipita haraka. Hatujavunja nyumba ya mtu wala kumkaba mtu njiani. Basi tunajihesabia haki.

Sheria ya Wizi ya Uingereza ya mwaka 1968 yaweza kutusaidia kujichunguza. Humo kiini cha wizi si kubeba kitu, bali kujitwalia, yaani kujifanyia haki za mwenye mali. Hata aliyekipata kitu pasipo kosa aweza kujitwalia baadaye, akikishika kama chake.

Mwaka 1971 mahakama ya juu kabisa ya huko iliamua kesi ya dereva wa teksi wa London. Abiria wake, mwanafunzi kutoka Italia, hakujua Kiingereza vizuri. Alitoa pauni 1, iliyotosha na kuzidi nauli halali. Dereva akasema haitoshi, na pochi ikiwa wazi akachukua pauni 6 zaidi. Alijitetea kwamba mgeni aliridhia. Hatia yake ikathibitishwa hata hivyo.

Je, sisi hatumo? Tumewahi kumwekea mjane dole gumba kwenye karatasi asiyoweza kuisoma, kisha tukasema, "Alikubali mwenyewe." Au baba mdogo hukabidhiwa ng'ombe wa yatima mbele ya ukoo. Hakuiba, alipewa awatunze. Anakamua, anauza ndama mmoja, halafu siku moja anawaambia wageni, "Hawa ni ng'ombe wangu." Wizi ulikuwa umekwisha kuingia zizini, wala hapakuwa na kelele za usiku.

Mahakama hudai zaidi: ithibitike kwamba mtu hakuwa mwaminifu, na kwamba alikusudia kumnyima mwenyewe daima. Ni haki iwe hivyo, maana hakimu hawezi kuusoma moyo. Mungu anausoma. Mbele zake sisi sote ni mawakili. Hata kilicho chetu tumekabidhiwa. Anayesahau hilo kwa mali yake hatachelewa kulisahau kwa mali ya yatima.

Zakayo hakuishia kufurahi kwamba Bwana ameingia nyumbani mwake. Aliahidi kurudisha mara nne. Hakurudisha ili apendwe, alirudisha kwa kuwa amependwa. Nasi msamaha tunaupokea bure, kwa neema. Lakini ng'ombe na arudi kwa mwenyewe.