Kipimo cha "Hadi"

Kifurushi cha intaneti ya nyumbani huuzwa kwa neno ambalo muuza mchele hawezi kulitumia mbele ya mteja wake: "hadi". Kwa malipo ya mwezi, nyumba huahidiwa kasi ya hadi megabiti 20 kwa sekunde, au hadi 100. Usiku ukiingia, mtaa mzima ukiwa umerudi kutoka kazini na shuleni, kasi hushuka ikawa 3 au 4, picha huganda, somo la mtoto hukatika katikati. Ankara haishuki. Mwenye nyumba huyo amepunjwa, au amepata kile kile alichonunua? Swali hili kwa kawaida hupelekwa kwa mafundi, nao hulijibu kwa lugha ya vifaa. Lakini kabla ya kuwa swali la vifaa ni swali la mizani, na habari ya mizani ni ya kale sana katika dini.

Katika Qur'ani, sura ya 83 imepewa jina la wapunjao, Al-Mutaffifin. Kumbukumbu la Torati, katika sura ya 25, inamkataza mtu kuwa na mawe mawili ya kupimia, zito na jepesi. Nabii Amosi anawashutumu wafanyabiashara wanaongojea Sabato ipite ili wauze nafaka kwa kipimo kilichopunguzwa. Ukali huo una sababu yake. Mwizi wa kawaida huchukua kitu ambacho mwenyewe atakikosa asubuhi. Mpunjaji huchukua kidogo kidogo, na aliyeibiwa hana njia ya kukiona kilichopungua, kwa kuwa chombo cha kuonea kimo mikononi mwa aliyempunja. Ndiyo maana pishi na kibaba vilikuwa jambo la imani kabla ya kuwa jambo la serikali. Wakulima wa vitunguu na viazi nchini Tanzania wanaujua upande wa pili wa jambo hili kwa jina la lumbesa: gunia hujazwa na kuongezwa kilemba juu ya mdomo wake, likapita kilo 100 zinazoruhusiwa, na bado likahesabiwa gunia moja. Hapo anayepunja ni mnunuzi. Awe anauza au ananunua, nguvu ni ya anayeshika kipimo.

Kasi ya intaneti, hata hivyo, si mchele uliokaa ghalani ukingoja kupimwa. Katika mfumo wa mkongo unaotumiwa sana kufikisha intaneti majumbani, uitwao kwa kifupi GPON, uzi mmoja wa kioo hutoka kituo cha kampuni ukiwa na uwezo wa kushusha megabiti 2,488 kwa sekunde. Njiani kifaa kidogo kisichohitaji umeme huugawa mwanga wake kwa nyumba 32 au 64. Nyumba 64 zikivuta kwa pamoja na kwa usawa, kila moja hupata takriban megabiti 39. Kampuni iliyoiuzia kila nyumba "hadi 100" imeuza megabiti 6,400 kwenye mfereji wa 2,488. Jambo hilo peke yake si hila. Nyumba hazivuti zote kwa sekunde moja, kama vile wapangaji wa jengo moja hawafungui mabomba yote kwa pamoja, na kugawana huko ndiko kunakoifanya bei ifikike. Kama kila nyumba ingewekewa mfereji wake yenyewe kutoka mwanzo hadi mwisho, ni wachache wangeweza kuulipia. Vizio navyo huchanganya watu: kasi huuzwa kwa megabiti, faili huhesabiwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Megabiti 20 ni megabaiti mbili na nusu tu, kwa hiyo faili la gigabaiti moja huchukua karibu dakika saba hata kila kitu kikienda sawa.

Wanazuoni wa fikihi, elimu ya sheria ya Kiislamu, wana jina la biashara ya kitu ambacho kiasi chake hakijulikani: gharari. Mifano yao ni samaki aliye bado baharini, ndege aliye angani, maziwa yaliyo bado kwenye kiwele. Kwa haraka mtu angesema "hadi" imo humo humo, na mkataba wake ni batili. Lakini fikihi haikimbilii huko. An-Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ambaye kitabu chake Minhaj kimesomeshwa vizazi kwa vizazi katika darsa za Lamu na Unguja, anataja ruhusa ya kulipa ada ya kuingia hamamu ingawa haijulikani mtu atatumia maji kiasi gani wala atakaa muda gani. Watu wanaihitaji hamamu, na kutojulikana huko ni kudogo kiasi cha kusamehewa. Mtaa wa Hamamni katika Mji Mkongwe wa Zanzibar bado unabeba jina la hamamu ya umma ya zama za Sultani Barghash, na mfano huo unafaa sana hapa, kwa sababu mkongo wa mtaa ni hamamu: malipo ni ya kuingia, maji ni ya wote.

Mfano huo unaishia mlangoni. Mwogaji akifika, huona umati kabla ya kutoa pesa, na mwenye hamamu naye hajui leo watakuja wangapi. Ujinga wao unalingana. Kampuni ya intaneti haiko katika hali hiyo. Mitambo yake huhesabu kila biti inayopita, saa kwa saa. Inajua kwamba saa mbili usiku njia ya mtaa fulani imejaa, inajua imejaa tangu lini, inajua imeunganisha nyumba ngapi baada ya hapo. Mteja hajui lolote kati ya hayo mpaka awe amesaini. Kutojua kwa upande mmoja tu hakusamehewi kama kutojua kwa pande zote mbili. Kunahamia mlango mwingine wa fikihi, ule wa kuficha aibu ya bidhaa.

Kisa maarufu cha mlango huo ni cha Mtume Muhammad akipita sokoni, akaingiza mkono katika rundo la nafaka na vidole vyake vikakuta majimaji. Muuzaji alisema ni mvua. Wasomaji wengi huishia kwenye karipio la mwisho, na uzito wa kisa hauko hapo. Mvua haikuwa kosa la muuzaji, wala hakulaumiwa kwa mvua. Alilaumiwa kwa kutoiweka sehemu iliyolowa juu, watu waione. Msongamano wa usiku ni mvua ya namna hiyo: hakuna kampuni inayoweza kuuzuia kila mara. Kuuweka chini ya neno "hadi" ni jambo la hiari. Mwanazuoni Al-Ghazali, katika sehemu ya kitabu chake Ihya inayohusu adabu za kuchuma, anamtaka muuzaji aseme aibu ya bidhaa, ya wazi na ya kufichika. Thomas Aquinas, katika Summa Theologiae, anafika karibu na hapo hapo kuhusu kasoro ambazo mnunuzi hawezi kuziona.

Kwamba uwazi huo unawezekana, Uingereza ni ushahidi. Huko zamani tangazo liliweza kutaja kasi ya "hadi" ikiwa mteja mmoja tu kati ya kumi aliweza kuipata. Kuanzia Mei 2018 kanuni za matangazo zilidai kwamba kasi inayotajwa kwa majumbani iwe inapatikana kwa angalau nusu ya wateja kati ya saa mbili na saa nne usiku, muda ambao watu wanatumia intaneti zaidi. Kanuni hiyo haikuongeza uzi mmoja wa kioo ardhini. Ilichofanya ni kuitoa nafaka iliyolowa chini na kuiweka juu.

Uadilifu huo huo unadai mteja naye asimtwike muuzaji kila kitu. Kuta nene za mawe ya matumbawe hudhoofisha Wi-Fi kabla haijafika chumba cha pili, na lawama huenda kwa mkongo usio na kosa. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu, na intaneti ikasuasua Tanzania, Kenya na nchi jirani. Hakuna mtoa huduma wa mtaani aliyeweza kuirudisha siku hiyo. Mwanafalsafa Judith Shklar, katika kitabu chake cha 1990 kuhusu sura za dhuluma, alionya kwamba mpaka kati ya bahati mbaya na dhuluma huchorwa na watu, na mara nyingi na wale wanaofaidika ukichorwa mbali nao. Waya kukatika ni bahati mbaya. Kukosa njia ya pili ya kupitishia mawasiliano, miaka mingi baada ya kujulikana kwamba nyaya hukatika, kunahitaji jina jingine.

Mpaka huo ni mgumu zaidi kuchora kwa wale ambao mkongo haujawafikia kabisa. Pwani ya Afrika Mashariki ilitegemea setilaiti, zilizo takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta, mpaka nyaya za TEAMS na SEACOM zilipotua mwaka 2009. Tangu hapo mwanga umefika ufukweni, umefuata barabara kuu hadi mipakani, na umepita mbele ya vijiji vingi bila kushuka. Gharama kubwa haiko kwenye kioo. Iko kwenye mtaro, nguzo, vibali vya kupita na kazi ya mikono, na gharama hiyo hugawanyika vizuri penye nyumba nyingi zilizobanana. Kampuni inayoanzia mtaa wa maghorofa haimdhulumu mtu kwa hilo tu. Aristotle alitofautisha haki ya kugawa na haki ya kurekebisha mapatano kati ya watu wawili. Asiyefikiwa hana mapatano na kampuni, kwa hiyo dai lake ni la aina ya kwanza na linaelekea kwa jamii nzima. Ndiyo msingi wa mifuko kama Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote wa Tanzania, uliotokana na sheria ya 2006, na wa uamuzi wa Finland, ulioanza kutumika mwaka 2010, wa kuifanya megabiti moja kwa sekunde kuwa haki ya kisheria ya kila mkazi. Mambo hubadilika pale ahadi inapotolewa. Mtaa ulioambiwa mkongo unakuja mwaka huu, wakazi wake wakaacha njia nyingine kwa kuungojea, umeingia katika mapatano, na kuchelewa bila maelezo ni deni.

Hapo huja neno subira, na mara nyingi hutumiwa vibaya. Subira katika mafundisho ya dini ni msimamo wa moyo mbele ya kilichokadiriwa. Haifuti haki ya mja kwa mja mwenzake, na fikihi imeziweka haki hizo mlango wake peke yake, hazisamehewi ila na mwenyewe. Katika hadithi inayopokewa na Bukhari, mdai alimjia Mtume kwa maneno makali, masahaba wakataka kumtia adabu, naye akawazuia kwa kuwa mwenye haki ana nafasi ya kusema. Mwenye nyumba anayepima kasi yake kwa waya uliochomekwa kwenye ruta, saa mbili usiku, siku saba mfululizo, akaandika kila alichokipata na kukipeleka ofisini kwa kampuni, hajapungukiwa subira. Amekuja na kibaba chake mwenyewe.