Majani ya watu 18

Siku moja kikundi cha vijana ninachosaidia hapa Bwera kilinituma soko la Mpondwe kununua majani ya chakula cha mchana. Karatasi ya majina ilisema watu 18. Nikatafuta dodo, ile sisi wa Kongo tunaitaga lengalenga. Mama muuzaji akauliza, "Mnakula wangapi?" Nikamwambia. Akapanga mafungu tisa. Nikaona mlima! Nikasema, hapana mama, sita yanatosha. Nikarudi na chenji mfukoni, najiona mtu wa akili.

Wanaopika mnajua kilichofuata. Lengalenga ni maji mengi: ukiitia kwenye sufuria ya kitunguu na mafuta, mlima unalala dakika chache tu. Sombe angalau unaiponda kwanza kwenye kinu, unaona mapema kitakachobaki. Lengalenga inakudanganya mpaka iko motoni.

Lakini hilo ni kosa la macho, linasameheka. Linalonisumbua ni lingine. Walikuja watu 25. Wasichana watatu walikuja na watoto wao, na wadogo wa wengine wakafuata nyuma. Dada aliyekuwa anapika akaniita pembeni: "Hawa saba tuwaambie nini?" Nikajibu bila haya, "Hawako kwenye karatasi."

Maneno hayo nilishayasikia. Nikiwa mtoto kambini, kabla ya kwenda kusoma Kasese, mama yangu aliambiwa hivyohivyo kwenye mstari wa posho, mdogo wangu akiwa bado hajaandikishwa.

Sidharau karatasi. Mwaka 2021 posho ya wakimbizi Uganda ilishuka hadi asilimia 60, na chakula kikipungua bila orodha, wenye viwiko vya nguvu ndio wanakula. Ndugu mnaogawa, najua hesabu yenu ni ngumu. Pia siwaungi mkono wanaosema nunua mengi tu usiaibike. Hatuna friji, kesho majani yamekuwa ya njano na pesa ya kikundi imetupwa. Hiyo nayo ni kuwaibia watu.

Kwa hiyo kiasi sahihi ni kipi? Nimefikiri sana. Nadhani kinaamuliwa kabla ya kufika kwa muuzaji, pale unapojiambia nani ni mlaji. Mimi nilijua wale wasichana wana watoto. Kila wiki nawaona. Nilipotaja 18 sikukosea kuhesabu. Nilichagua kutowaona, kwa sababu karatasi iliniruhusu.

Siku ile tulikula kijiko kijiko, na yule dada akajinyima sehemu yake. Mimi nilikula yangu, nakiri.

Wiki iliyofuata nikarudi kwa mama yuleyule. "Wangapi?" Nikasema 25. Akapanga mafungu kumi na matatu, sikurudisha hata moja. Akacheka: "Leo mmepata wageni, mwanangu?"

"Hapana mama. Ni walewale."