IHSANI NDOGO KWA MPITA NJIA

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad:

Enyi ndugu zetu Waislamu, wako watu wadhanio kuwa wema wenye thawabu ni ule mkubwa peke yake: kujenga msikiti, kuchinja ng'ombe, kutoa fedha nyingi na jina likasomwa mbele ya watu. Ama kumpa maji mtu asiyejulikana, au kumwonyesha njia, huyaona si kitu. Dhana hii ni potofu, na Qur'ani yenyewe yaivunja.

Tazameni Suratul Maun. Wengi wetu twaisoma katika sala kwa ufupi wake, walakini ni wachache wanaoizingatia. Ndani yake Mwenyezi Mungu amewakemea wenye kusali hali wameghafilika na sala zao, tena wenye kujionyesha, kisha akawataja pamoja nao wenye kunyima maun. Na katika tafsiri zilizopokewa kwa masahaba, maun ni vile vitu vidogo watu waazimanavyo, kama ndoo, chungu na shoka. Basi mwenye kunyima ndoo amewekwa safu moja na mwenye kuipuuza sala. Baada ya haya, ni nani atakayesema kuwa ndoo ni jambo dogo?

Kisha someni kisa cha Nabii Musa (A.S.) katika Suratul Qasas. Alifika kwenye maji ya Madyan hali ni mkimbizi, hana ndugu wala nyumba. Akakuta wachungaji wamesongamana, na wanawake wawili wamesimama kando wakizuia wanyama wao. Akawauliza wana nini. Wakamwambia kuwa baba yao ni mzee sana, nao hawanyweshi mpaka wachungaji waondoke. Akawanyweshea, akaenda zake kivulini, akamwomba Mola wake. Hakudai ujira. Aliuliza haja, hakuuliza kabila. Na kwa tendo lile la kitambo kidogo Mwenyezi Mungu akamjaalia amani, nyumba, mke, na kazi ya miaka minane au kumi.

Sisi wa Minjila yatupasa kukielewa kisa hiki kuliko wengi, kwani mifugo na maji kwetu si mambo ya kuhadithiwa. Tena tumekaa penye njia panda: huku Malindi, huku Garissa, huku Witu na Lamu. Kila siku hupita mbele yetu watu tusiowajua. Mto Tana ulipofurika mwishoni mwa 2023, na tena 2024, barabara ya Lamu ilikatika upande wa Gamba, na wasafiri wakakwama. Siku kama hizo ndizo zimpimazo mtu. Yuko atoaye chai na mkeka, na yuko apandishaye bei maradufu kwa kuwa mnunuzi hana pa kwenda. Biashara ni halali, lakini kuichuma dhiki ya msafiri si uungwana wala si dini.

Na liko jambo zito zaidi. Twakumbuka sote yaliyotokea katika Delta ya Tana mwaka 2012 na mwanzo wa 2013, Waorma na Wapokomo walipouana kwa ajili ya malisho, mashamba na maji. Zilipotea roho zaidi ya 100, na wamo wanawake na watoto. Maafa kama hayo huwafunza watu kuuliza "wewe ni wa nani?" kabla ya kutoa maji. Ndugu zetu, maji yakitanguliwa na swali hilo yameharibika. Mikutano ya suluhu ni mizuri, ila suluhu haikai pasipo vikombe vya kuishika. Mtoto wa mfugaji aliyenyweshwa na mama mkulima asiyemjua, siku atakapoambiwa kuwa watu wale wote ni maadui, moyoni mwake anaye shahidi wa kukanusha. Kadhaalika mtoto wa mkulima aliyepewa maziwa na mfugaji.

Wala msidhani kuwa twazungumza ndoto. Tarehe 21 Disemba 2015, karibu na El Wak, basi la Mandera lilivamiwa, na wavamizi wakataka Waislamu wajitenge na wasiokuwa Waislamu. Abiria Waislamu wakakataa, na wengine wakawapa wenzao nguo zao wajisitiri wasitambulikane. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Mtandio ni kitu cha bei ndogo, lakini siku ile ulikuwa ngao ya roho ya mtu.

Basi kila mwenye nyumba kando ya njia na aweke mtungi wa maji safi. Mwenye duka na amwonyeshe mgeni njia hata kama hanunui. Na atoaye asingoje shukrani, kwani anywaye kwenu asubuhi, jioni yuko mbali. Khabari zenu atazifikisha yeye asikoweza kufika mmoja wenu.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azilainishe nyoyo zetu, aihifadhi nchi yetu ya Tana, na atujaalie kuwa wepesi wa kutoa na wazito wa kunyima. Amin.