Foto na Picha ya Rangi: Ipi Yasema Kweli?



Tuko na rafiki watatu ambao kila siku ya Mungu, kiisha misa ya pili, tunakaa nao chini ya mwembe wa fundi wa kushona. Kila mtu analeta kitu cha zamani: foto iliyojikunja pembeni, kadi ya posta, picha ya rangi iliyoshushwa ukutani. Tunaiweka mezani, tunaitazama, tunabishana. Mwalimu mzee ndiye anayejua majina ya watu. Rafiki yetu wa dispensari ndiye anayejua kubisha. Sisi wenyewe twasikiliza zaidi kuliko kusema, na wanaotujua watacheka wakisoma neno hili.

Siku moja fundi alitoa foto ndogo, upana wa vidole viwili, ya nkambo yake. Ilibanduliwa katika kitabu cha kazi cha siku za Wabeleji. Alama ya muhuri yaonekana bado begani. Hakuna foto nyingine ya mzee yule. Amesimama wima, shati limefungwa mpaka shingoni, macho yamekazwa kama ya mtu anayengoja kusomewa kosa lake.

Jamaa walikuwa wamepatana kumtolea mzee misa ya ukumbusho, na kwa siku ile wamwite mchoraji amtie katika picha kubwa ya rangi ya kutundika ukutani. Lakini wengine walitaka avikwe kostimi na kravati, na saa ya dhahabu mkononi. Baba mdogo wa fundi akakataa kabisa. Akasema: «Baba hakuvaa saa hata siku moja. Mwataka tumwombee mtu gani?» Fundi akamjibu: «Na huyu wa foto, baba, ni nani? Nkambo alikuwa mtu wa kucheka na kupiga likembe. Huyu hapa ni mtu aliyemwogopa karani.» Maneno yakawa makali, mchango ukasimama, na misa ikaahirishwa mara mbili. Ndivyo swali lilivyofika chini ya mwembe: foto na picha ya mkono, ipi yasema kweli?

Mtu atafikiri jibu ni rahisi. Foto ni kazi ya mwanga. Tangu Daguerre alipoonyesha ufundi wake kule Paris mwaka 1839, watu wamesema kwamba mashine haina mapenzi wala chuki. Mwanga watoka usoni pa mtu, wapita katika kioo, wagusa dawa, dawa yageuka. Mchoraji aweza kuongeza pua, mashine haiwezi. Ndivyo alivyosema yule wa dispensari, akaleta ushahidi mzito.

Mwaka 1904, kule Baringa katika nchi ya Mongo, mtu mmajo, jina lake Nsala, wa kijiji cha Wala, alifika kwenye misioni ya Waprotestanti. Alikuwa amebeba kifurushi cha majani. Ndani mlikuwa mkono na mguu wa binti yake Boali, mtoto wa miaka mitano, aliyeuawa na askari wa kampani ya mpira kwa sababu kijiji hakikutimiza kipimo. Mama mmoja Mwingereza, Alice Seeley Harris, akampiga foto: Nsala amekaa barazani, ametazama vile vilivyobaki vya mtoto wake. Foto ile na nyingine zilionyeshwa katika mikutano mingi Ulaya na Marekani. Wakubwa wa Mfalme Leopold wa Pili walizoea kusema kwamba barua za wamisionari ni uongo wa maadui. Foto ilikuwa vigumu zaidi kuikanusha. Mwaka 1905 Mark Twain, mwandishi wa Marekani, alitoa kitabu kidogo ambamo mfalme mwenyewe analalamika juu ya mashine hiyo. Mwaka 1908 Kongo ikatolewa mkononi mwa mfalme, ikawa koloni la Ubeleji. Hatusemi foto peke yake ilifanya hayo, wala kwamba shida ziliisha siku ile. Lakini ilikuwa shahidi, na shahidi wa kweli.

Tulinyamaza wote. Halafu mwalimu mzee akafungua bahasha yake, akatoa kadi za posta.

Zilitoka kwa Casimir Zagourski, Mpolandi, aliyefika Leopoldville mwaka 1924, akafungua nyumba ya foto, akafa mwaka 1944. Alizunguka nchi, akapiga foto nyingi, akaziuza kama kadi chini ya jina la Kifaransa ambalo maana yake ni «Afrika inayotoweka». Ni foto nzuri mno. Mwanga umetulia juu ya mashavu, nywele zimesukwa kwa ufundi ambao mabinti wetu wa leo wangeuonea wivu. Hakuna kitu mle ndani ambacho hakikuwako mbele ya mashine. Lakini mwalimu akauliza: «Baisikeli ziko wapi? Mashine za kushona ziko wapi? Vitabu vya shule je? Miaka ile ile baba yangu alikuwa na baisikeli.» Tukatafuta, hatukuona hata moja. Mpiga foto alikwenda kutafuta yale anayosema yatoweka, na mengine akayaacha nje ya pembe nne za kadi. Kila foto moja yasema kweli. Zikikusanywa chini ya jina lile, zasema neno ambalo si kweli, kwamba watu hawa walikuwa wa jana tu, wakingoja kupotea.

Tena tazameni maandishi ya chini. Kwenye kadi nyingi limeandikwa kabila, wala si jina la mtu. Mwanamke Mmangbetu, basi. Nani? Binti wa nani? Lakini yule Nsala twamjua jina, na jina la mtoto, na kijiji. Yule mama Mwingereza aliuliza akaandika. Na Nsala mwenyewe ndiye aliyekuja na kifurushi chake, alitaka kionekane. Kwa hiyo hatuoni haya kuitazama foto yake, ingawa yauma. Twaona haya zaidi mbele ya zile kadi nzuri, na hatukujua kwa nini mpaka tulipogeuza upande wa pili na kusoma.

Sasa picha za mkono. Hapa Lubumbashi wazee wanakumbuka jinsi miaka ya 1970 nyumba nyingi za wafanyakazi zilivyokuwa na picha ukutani: Mamba Muntu mwenye nywele ndefu, na ile waliyoiita Colonie Belge, ambamo mfungwa amelazwa chini akipigwa fimbo, askari ameinua mkono, Mbeleji asimama na kiko chake, wanawake wanalia. Watu wakiulizwa kwa nini wanazinunua, walijibu kwa neno moja: ukumbusho. Si pambo. Kitu cha kumfanya mtu afikiri na kumwambia mtoto.

Mmoja wa wachoraji hao alikuwa Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947 katika mji huu, ukiitwa bado Elisabethville. Alichora juu ya magunia ya unga. Katika miaka ya 1973 na 1974 alichora historia yote ya nchi, picha karibu mia moja, akazieleza moja moja kwa Kiswahili chetu cha huku mbele ya mwalimu wa universite, Johannes Fabian, ambaye alizitoa katika kitabu mwaka 1996. Tshibumba alijiita mwana historia. Alichora mambo ya kabla hajazaliwa. Alichora kifo cha Lumumba, Mpolo na Okito, waliouawa tarehe 17 Januari 1961, si mbali na hapa. Na nyuma ya maiti akaweka misalaba mitatu.

Misalaba ile haikuwako. Yule wa dispensari akapiga meza: «Mnaona! Uongo!»

Hapo tukaomba ruhusa ya kusema kidogo, maana tulikalia benchi la seminari na jambo hili tuliliona. Mtakatifu Augustino, aliyeandika kitabu kizima juu ya uongo karibu mwaka 395, anatufundisha tutafute nia ya kudanganya. Kusema kisichokuwako, peke yake, hakutoshi kuwa uongo. Basi, nani alidanganywa na misalaba ya Tshibumba? Hakuna mtu ambaye angeitazama picha ile na kwenda porini kutafuta misalaba mitatu ya mbao. Mchoraji aliiweka peupe, akatia jina lake chini: mimi Tshibumba ndivyo nilivyofikiri juu ya kifo hiki. Waweza kumkatalia, na wengi walimkatalia. Lakini mkono wake waonekana. Mpiga foto naye ana mkono, ila amesimama nyuma ya mashine, na sisi twasahau kwamba yuko. Tunaona kwamba hatari ya foto iko hapo zaidi kuliko mahali pengine.

Miaka yetu hii Sammy Baloji, mwana wa Lubumbashi, amefanya kitu kinachotusumbua bado. Katika kazi yake aliyoiita kwa Kifaransa «Mémoire», ya mwaka 2006, alitwaa foto za zamani za wafanyakazi wa migodi, akawaweka juu ya foto mpya za mitambo iliyoachwa, iliyojaa kutu. Kila kipande ni foto ya kweli. Zikiunganishwa ni picha ambayo haikuonekana kwa macho ya mtu yeyote. Wazee wale wamesimama pale pale walipofanya kazi, wakitutazama, na nyuma yao hakuna moshi. Je, ni foto au ni picha ya mkono? Mwalimu mzee alisema haimhusu; alikuwa anatafuta sura ya baba yake kati yao.

Turudi kwa nkambo wa fundi. Shauri letu lilikuwa hili. Kostimi hatuipingi sana, kwa kuwa mtu huvikwa vizuri hata akizikwa. Saa ya dhahabu twaikataa, kwa sababu haikutiwa kwa ajili ya mzee. Imetiwa kwa ajili ya wageni watakaokaa kitini, waone kwamba jamaa hii ilikuwa na mali tangu zamani. Huyo ndiye anayetakiwa kudanganywa. Mzee achorwe akicheka, likembe mkononi. Na ile foto ndogo isitupwe, iwekwe chini yake, maana hofu ile nayo ilimpata kweli, na wajukuu wajue ni nani aliyemtia hofu.

Baba mdogo alikubali, kwa shida. Lakini mchoraji alipokuja akauliza swali ambalo sisi wanne hatukulifikiri: «Mzee alicheka namna gani?» Kila mtu akasema lake. Mwisho wakamwita shangazi, binti wa kwanza wa mzee, ambaye macho yake yameingia ukungu. Hakueleza kitu. Aliinamisha kichwa upande wa kushoto, akafunga jicho moja, akacheka na mdomo uliofungwa nusu. Baba mdogo akatoka nje. Aliporudi alikuwa amekwisha kufuta uso, na akatoa mchango wake wote mezani. Misa ilisomwa jumamosi iliyofuata.

Tangu siku ile tumeanza kazi moja zaidi chini ya mwembe. Kila foto inayoletwa twaigeuza, twaandika majina nyuma kwa kalamu ya mti, polepole, bila kukandamiza, kwa sababu wino huvuja na kutokea mbele. Ya kwanza ilikuwa foto ya waimbaji wa parokia, ya ujana wa mwalimu mzee. Aliwataja kumi na wanne bila kusita. Kwa watatu wa mstari wa nyuma, upande wa mlango, alikaa kimya muda mrefu, kisha akatikisa kichwa. Foto iko kwa fundi wa kushona. Mwenye kudhani anawajua na apite kuitazama, siku yoyote isipokuwa ya soko.