Je, Kuitibu Damu ni Kubadili Umbo la Mwenyezi Mungu?

Ndugu zangu Waislamu, ugonjwa wa selimundu twaujua sana huku mwambao, Tanga hata Pangani. Mtoto macho huwa manjano, viungo vikamuuma usiku kucha. Tanzania huzaliwa kila mwaka watoto wapatao 11,000 wenye maradhi haya. Bwana Anthony Allison, aliyepima damu za watu wa Afrika Mashariki, alieleza mwaka 1954 sababu yake: aliyerithi kwa mzazi mmoja hupata kinga ya malaria, aliyerithi kwa wazazi wote wawili ndiye augua.

Disemba 2023 Marekani iliruhusu tiba iitwayo Lyfgenia. Mgonjwa hutolewa chembe-mama, yaani zile zizaazo damu yote. Kisha kirusi cha ukoo wa kile cha Ukimwi, kilichokwisha kuondolewa madhara ya kuambukiza, hufanywa mchukuzi: huingiza ndani ya chembe hizo urithi wa damu iliyo sawa. Mgonjwa hupewa dawa kali ya kusafisha uroto wa mifupa, ndipo arudishiwe chembe zake.

Wako waulizao: hii si ile ahadi ya Iblisi, ya kuwaamuru watu wabadili umbo la Mwenyezi Mungu? Jawabu ni la. Iblisi akusudia kuharibu, na tabibu akusudia kurudisha afya. Aungaye mfupa uliovunjika hakubadili umbo. Tena badiliko hili humkaa mgonjwa mwenyewe, halirithiwi na wanawe. Lau tungegusa mbegu ya uzazi, hilo lingekuwa suala jingine. Baraza la Fiqhi la Rabita, Makka, mwaka 2003 liliruhusu chembe-mama za mtu mzima kwa tiba isiyomdhuru, likakataza za mimba iliyotolewa kwa makusudi.

Lililo zito ni uadilifu. Tiba hiyo ilitangazwa kwa bei ya dola 3,100,000 kwa mtu mmoja, na wagonjwa wengi wako Afrika. Elimu iliyopatikana kwa damu za maskini, kisha wao wakafungiwa mlango, hiyo ina dhulma ndani yake. Twashukuru kwamba Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza mwaka 2023 kuwapandikiza watoto uroto.

Lakini uadilifu huanza nyumbani. Wachumba wawili wakiwa wote wamebeba urithi huu, kila mimba ina fungu moja katika manne la kuzaa mgonjwa. Basi pimeni kabla ya nikaha, na mwenye kujua asifiche. Wangapi wamemtaliki mke kwa kumwita mwenye mkosi, na hali urithi umetoka kwa wote wawili! Wangapi wamemshitaki jirani kwa uchawi! Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kutafuta dawa. Alaumuye bei ya Marekani, naye aficha damu ya mwanawe siku ya posa, dhulma ile ile anaifanya barazani pake.

Wabillahi taufiq.