Kijana Wetu na Kalamu ya Benki Ughaibuni

Ndugu zetu Waislamu, miongoni mwa mas'ala yanayotufikia katika darasa zetu ni haya ya vijana wa pwani wanaopata kazi katika mabenki ya Dubai, Doha na London. Aulizaye mara nyingi si kijana mwenyewe, bali ni mama yake au ami yake. Na swali huja baada ya mshahara wa kwanza kwisha kutumwa na mabati mapya kwisha kupigwa.

Zamani safari hii ilikuwa ikija kwetu. Standard Bank of South Africa ilipofungua mlango wake Mombasa mwaka 1911, vijana wa Kiingereza ndio waliopanda meli wakaja kuanzia kazi katika bandari za watu, wakajifunza biashara ya mataifa, kisha wakarudi kwao na elimu hiyo. Leo wanaokwenda ni wana wetu, nasi hatuwakatazi safari. Kujua namna fedha zinavyobadilishwa, na namna benki inavyomdhamini mfanyi biashara aagizaye mali kutoka ng'ambo, ni elimu ambayo Waislamu twaihitaji mno.

Lakini kuna riba. Katika Sahihi Muslim, Jabir (R.A.) apokea kwamba Mtume (S.A.W.) alimlaani mwenye kula riba na mwenye kuilisha, na mwandishi wake na mashahidi wake wawili, akawaweka wote daraja moja. Basi haimfai mtu kusema, "Mimi ni karani tu." Karani ametajwa!

Hata hivyo benki si meza moja. Wako wanazuoni waliokataza kazi yoyote ndani ya benki ya riba. Wako walioruhusu zile zisizoigusa riba yenyewe. Na Sheikh Yusuf al-Qaradawi alimpa nafasi mwenye dharura. Sisi twaikubali dharura, ila twaona imekuwa ikinyoshwa kama mpira. Dharura ni ya mwenye njaa. Anayetaka kuongeza ghorofa ya tatu hana dharura.

Na tuangalie yule aliyetumwa na Mtume (S.A.W.) kusimamia Khaibar, mbali na Madina. Alileta tende nzuri, akaeleza kuwa wao hubadilisha pishi mbili za tende za kawaida kwa pishi moja ya hizo. Mtume (S.A.W.) alimkataza, akamwonyesha njia: auze zile za kawaida kwa dirhamu, kisha kwa dirhamu hizo anunue nzuri. Tende ni zile zile, na soko ni lile lile. Kilichogeuka ni mwendo wa muamala. Elimu ya namna hii ndiyo tunayotaka kijana aitafute huko aliko.

Dk. Ahmad al-Najjar wa Misri alikwenda Ujerumani kusoma, akayaona mabenki madogo ya akiba ya watu wa kawaida. Aliporudi, mwaka 1963 alianzisha katika mji wa Mit Ghamr benki ya akiba isiyokuwa na riba. Haikudumu miaka mingi, lakini njia ilikuwa imefunguka: mwaka 1975 ilianzishwa Dubai Islamic Bank, na mwaka 2008 Gulf African Bank ikaanza kazi hapa Kenya. Kijana wetu anayeanza leo ana mahali pa kuhamia, jambo ambalo al-Najjar hakuwa nalo.

Kinachomzuia, kwa tuonavyo, ni sisi tulioko nyumbani. Miaka yake ya mwanzo, naye hana mke wala watoto, ndiyo miepesi ya kuhama. Na miaka hiyo hiyo ndiyo tunayomtwisha harusi za siku saba, samani za dada yake na madeni ya binamu zake. Kisha twamwulizia sheikh kama mwana anakula halali, ilhali sahani iko mbele yetu.

Mzazi ambaye mwanawe yuko huko na ampigie simu juma hili. Asimwulize atatuma kiasi gani. Amwulize ameketi meza gani, na kalamu yake yaandika nini. Kijana akisema kuwa ameona kazi penginepo yenye mshahara mdogo, na amjibu papo hapo kwamba harusi ya dada yake itakuwa ya siku moja.